Sura ya Sita: Shahidi Mwongo

Mashariki mwa Ziwa Mweru, upande wa Zambia, kuna bwawa kubwa la mafunjo liitwalo Mweru wa Ntipa. Maji yake hayatabiriki. Mwaka huu yamefurika, mwaka mwingine yamekauka mpaka tope linapasuka, nyasi zinavamia tambarare iliyoachwa wazi, na nzige wekundu wanapata pa kutagia. Ni kutoka bwawa hilo na bonde la Rukwa la Tanzania ndiko lilikotokea wimbi la nzige la mwaka 1930 hadi 1944, lililokula mashamba kuanzia Afrika Mashariki mpaka Afrika Kusini. Hasara ile iliwakalisha meza moja wakoloni waliozoea kuvutana, na mwaka 1949 likaundwa shirika la kimataifa la kudhibiti nzige wekundu, makao yake Abercorn, mji ambao leo ni Mbala. Wataalamu walikaa porini miaka nenda rudi wakipima maji, wakihesabu tunutu, wakichora ramani za nyasi. Ni wadudu wachache barani Afrika waliowahi kuchunguzwa kwa bidii ya namna hiyo.

Sasa uache Mweru wa Ntipa uelekee magharibi mpaka Nchelenge, mahali ambapo nchi inakoma na ziwa linaanza. Mweru lina ukubwa wa kilomita za mraba zaidi ya 5,000, na ng'ambo yake ni Kongo. Katikati ya maji kuna Kisiwa cha Kilwa, jina ambalo msomaji wa Lindi atadhani limeandikwa hapa kwa makosa. Jirani na Nchelenge ni Kashikishi, mji wa wavuvi, ambako chisense, dagaa wa huko, huvuliwa usiku kwa taa. Nyuma ya nyumba kuna mihogo na miembe, na nyuma ya mihogo ndipo miombo inapoanzia, ile misitu ya mvua ndefu na kiangazi kikavu ambayo imelifunika eneo lote kutoka Angola hadi Msumbiji na kupanda mpaka Tabora na Katavi.

Kwenye magome ya miti ya ukanda huo wanaishi ndugu wa mbali wa nzige ambao hawajawahi kukalisha serikali yoyote mezani. Hawali mahindi, hawaumi mtu, hawasafiri kwa makundi, na hakuna anayewakaanga. Ni senene wa gome. Wataalamu wanawaweka katika jamii ndogo ya Pseudophyllinae, na wale wa Afrika wanaojulikana zaidi wamo katika jenasi ya Cymatomera. Ninawaita senene kwa sababu ndivyo walivyo: senene wa Bukoba, yule wa kijani au wa kahawia anayefuatwa kwa taa na mapipa, ni wa familia ileile ya Tettigoniidae yenye spishi zaidi ya 8,000 duniani. Vipapasio vyembamba vinavyopita urefu wa mwili, masikio yaliyo miguuni, jike mwenye upanga wa kutagia nyuma: hivyo ndivyo vitambulisho vya ukoo mzima.

Tuseme mtu wa Nchelenge amempata mmoja, naye ana sababu ya kudhani kwamba mdudu huyu hana jina katika kitabu chochote. Afanye nini? Watu wengi wangedhani kazi ngumu imekwisha, kwa kuwa amekwisha kumpata. Kumbe kazi ndiyo kwanza inaanza, na inaanza vibaya, maana alichokamata ni mdudu ambaye maisha yake yote yamejengwa juu ya kutoa ushahidi wa uongo.

Mtazame kwa karibu. Mchana anakaa kichwa chini au juu, tumbo limebanwa kwenye gome. Miguu ya mbele imenyooshwa mbele pamoja na vipapasio, ili isionekane miguu wala vipapasio. Mapaja hayana ukingo ulionyooka kama ya panzi wa kawaida. Yamekatwakatwa kwa mawimbi na vijipande vilivyojitokeza, na hapo ndipo lilipotoka jina la jenasi, ambalo kwa Kigiriki ni mawimbi ya paja. Ngao inayofunika shingo ina vinundu, na pembezoni mwake kuna meno. Mbawa za juu zimechorwa kijivu, kahawia, nyeusi na weupe mchafu, mahali pengine na rangi ya kijani iliyopauka, ile ya likeni, ukoga mkavu unaoganda juu ya magome na mawe. Zinalala zikishuka pande zote mbili hadi kugusa mti, na hapo kuna ujanja kuliko hata rangi. Kitu chochote kilichowekwa juu ya kingine hutoa kivuli pembeni yake, na ndege mwenye njaa hasomi rangi tu, husoma vivuli. Mdudu aliyejibana hivi hana kivuli cha kusoma.

Kinachomwokoa mchana ni kutotikisika. Akiguswa, anachelewa kukimbia, kwa sababu kwa kawaida anayekimbia ndiye anayeonekana. Usiku ukishaingia anaanza kutembea, anakula, anaimba, anatafuta mwenzi. Ndiyo maana mtu anaweza kuishi chini ya mti mmoja miaka ishirini asimwone hata siku moja, ingawa pengine amemsikia mara nyingi asijue ni nani.

Sasa fikiria kazi ya anayetaka kumweleza mdudu huyu kwenye karatasi. Macho yake yanakwenda wapi kwanza? Kwenye rangi na madoa. Na rangi ndiyo kitu ambacho uteuzi wa asili umekichezea kwa mamilioni ya miaka ili kifanane na kitu kingine. Mmoja ana doa jeupe begani, ndugu yake wa tumbo moja hana. Mmoja amekolea kahawia, mwingine amekuwa karibu kijivu mtupu. Kuna faida katika kutofanana: ndege akijifunza sura moja ya mdudu aliyejifanya gome, wale wa sura nyingine bado wamesalimika. Kwa hiyo anayeweka mezani senene wanne wa gome wasiofanana anaweza kuwa na spishi nne, au ana spishi moja yenye nguo nyingi. Na kinyume chake kinawezekana vilevile: wawili wanaofanana kama chanda na pete wanaweza kuwa wa spishi mbili, kwa sababu wote wawili wanaiga gome lilelile. Halafu, kuongeza matata, mdudu akifa rangi zinaanza kuondoka. Kijani kinageuka manjano, manjano kinageuka kahawia. Kielelezo cha miaka mia katika droo kinafanana na gome kuliko alivyofanana nalo alipokuwa hai.

Wa kwanza kukabiliana na mtego huu, kwa upande wa Cymatomera, alikuwa Mjerumani aitwaye Hermann Schaum. Kisa chenyewe kinagusa Mweru kwa njia ambayo si watu wengi wanaifikiria. Kati ya mwaka 1843 na 1848 mtaalamu mwingine wa Berlin, Wilhelm Peters, alizunguka Msumbiji akikusanya kila kilichotambaa, kuruka au kuogelea. Alipanda Mto Zambezi mpaka Tete. Tete ndiko ilikoanzia misafara ya Wareno kwenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda ambaye himaya yake ilikuwa katika bonde la Luapula, kusini tu mwa Mweru. Mwaka 1798 Lacerda, kiongozi wa msafara mmoja, alifika kwa Kazembe na kufia huko. Mwaka 1831 Monteiro na Gamitto waliondoka Tete kufuata njia hiyohiyo. Livingstone alikuja baadaye sana: aliliona Ziwa Mweru Novemba 1867, na alipofika kwa Kazembe alimkuta Mohammed bin Saleh, mfanyabiashara aliyekuwa ameishi huko miaka mingi na ambaye hakuhitaji kugunduliwa na mtu.

Peters hakuifuata njia ile hadi mwisho wake. Alirudi na makasha yake Berlin, wadudu wakagawiwa wataalamu, na mwaka 1853 Schaum akachapisha maelezo mafupi ya panzi na jamaa zao waliotoka Msumbiji. Humo ndimo jenasi ya Cymatomera ilipozaliwa kwenye karatasi, pamoja na spishi yake ya kwanza, Cymatomera denticollis, kwa maana ya shingo yenye meno. Mwaka uliofuata, 1854, Gamitto naye akatoa kitabu chake juu ya safari ya kwa Kazembe. Katika maandishi hayo mawili hakuna lenye habari ya mwenzake, lakini ninapenda kuyaweka rafu moja: moja linaeleza njia, lingine linaeleza mdudu anayeishi kwenye miti ya ukanda uleule.

Tunapaswa kumpa Schaum haki yake. Hakutegemea rangi katika kuchagua jina, alichagua meno ya shingoni, kitu kigumu kisichopauka. Lakini maelezo ya zama zile yalikuwa mistari michache ya Kilatini. Yalitosha wakati senene wa gome waliojulikana Afrika nzima wangeweza kuenea kwenye kiganja. Baada yake wakaja wengine kwa mfululizo. Ferdinand Karsch, wa makumbusho ya Berlin, aliandika majina mengi ya senene wa Afrika Mashariki miaka ya 1880 na 1890. Karl Brunner von Wattenwyl, Mswisi aliyepata kuwa mkuu wa telegrafu katika dola ya Austria na ambaye wadudu walikuwa kazi yake ya baada ya kazi, alitoa mwaka 1895 kitabu kizima juu ya jamii hii ya dunia nzima. Mwaka 1954 Max Beier wa Vienna akaupanga upya ukoo huo katika kitabu kilichochapishwa Madrid. Fuata miji hiyo: Berlin, Vienna, Madrid. Mtu aliyesimama Nchelenge na senene wake mkononi anatakiwa kujibu swali ambalo majibu yake yako kwenye droo za huko, na swali lenyewe si „huyu ni mpya?“ bali „je, yuko yeyote kati ya wote waliokwisha pewa majina ambaye ndiye huyu?“ Ili kusema mpya, lazima uwe umewaona wa zamani wote.

Hii si nadharia. Senene wa Bukoba, anayeliwa na mamilioni ya watu, alipewa jina la differens na Mfaransa Audinet-Serville mwaka 1838, katika kazi ileile iliyompa jina nzige mwekundu. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 vitabu na majarida yalimwita kwa jina la ndugu yake wa Ulaya, nitidula, kwa sababu wawili hao wanafanana na hakuna aliyekuwa amewapambanisha sawasawa. Mpaka W. J. Bailey alipozipitia spishi zote za Afrika za jenasi yao, Ruspolia, mwaka 1975 ndipo mambo yakaanza kunyooka, na hata leo utakuta makala ya lishe yanayomtaja senene kwa jina lisilo lake. Ikiwa mdudu anayeuzwa kwa kikombe sokoni amekosewa hivyo, yule aliyejificha kwenye gome atakuwa na hali gani?

Basi anayetaka kumpa jina mdudu mwongo inabidi atafute mahali ambapo mdudu huyo hawezi kusema uongo. Mahali hapo papo. Senene wa gome anamdanganya ndege, anamdanganya kenge, anamdanganya mtu, lakini kuna mmoja ambaye akimdanganya ukoo wake unakwisha, naye ni jike wake. Kwa jike lazima ajitambulishe kwa usahihi, gizani, kwa mbali, bila kukosea. Kila kifaa anachotumia kwa kazi hiyo ni kitambulisho cha kweli.

Cha kwanza ni wimbo. Dume la senene lina tupa, kwa maana ile ya fundi seremala, chini ya ubawa wake wa kushoto: mshipa mnene wenye meno madogo yaliyopangwa mstari. Ubawa wa kulia uko chini, na ukingo wake mgumu unapita juu ya meno hayo mbawa zinapofunguka na kufunga. Karibu na hapo kuna sehemu nyembamba ya ubawa, inayong'aa kama kioo, ambayo inaikuza sauti. Idadi ya meno, ukubwa wake, yalivyosongamana katikati na kuachana pembeni, pamoja na kasi ya mbawa, ndivyo vinavyoamua kama utasikia mkwaruzo, mlio mmoja mfupi, au mfululizo mrefu. Nyimbo nyingi za senene zinapanda juu ya kilohezi 20, mpaka wa sikio la mtu, hivyo kinasasauti cha simu hakitoshi. Inahitajika maikrofoni ya aina ile wanayotumia wanaochunguza popo. Na kipimajoto nacho kinahitajika, kwa kuwa wadudu huimba haraka zaidi usiku wa joto. Rekodi isiyoandikiwa nyuzi za joto ni nusu rekodi. Jike anaupokea wimbo huo kwa masikio yaliyo kwenye miundi ya miguu ya mbele, chini kidogo ya goti, kila sikio na ngozi zake mbili nyembamba.

Cha pili kiko kwenye ncha ya tumbo la dume, navyo ni vikoleo viwili vya kumshikia jike. Katika senene wengi umbo la vikoleo hivyo ni kama ufunguo: kilichopinda hivi, chenye jino hapa, chenye ncha butu pale. Hakijalishi kama mwenyewe ni wa kijivu au wa kahawia. Sahani ndogo iliyo chini ya tumbo nayo husomwa, kwa dume na kwa jike. Anayeeleza spishi mpya ya senene wa gome akiweka picha kubwa ya rangi ya mbawa na picha ndogo isiyoeleweka ya vikoleo, wenzake watajua mara moja kwamba amedanganywa kama ndege.

Kutokana na hilo kuna jambo linalowaudhi wengi wanaopiga picha za wadudu na kuzituma mtandaoni wakitaka jina. Picha ya mgongoni, hata iwe nzuri namna gani, mara nyingi haitoshi. Mtoto wa senene asiye na mbawa hatoshi kabisa, kwa sababu tupa yake haijaota na vikoleo vyake havijakomaa. Jike peke yake ni taabu. Anayehitajika ni dume mzima, na anahitajika akiwa amekufa.

Hapo ndipo wengine wanapotoa macho. Lakini sheria iko wazi. Majina ya wanyama yanatawaliwa na Kanuni ya Kimataifa ya Majina ya Wanyama, ambayo toleo lake la nne lilianza kufanya kazi tarehe 1 Januari 2000. Tangu wakati huo, anayetoa jina la spishi lazima ataje kielelezo kitakacholibeba jina hilo, kwa kawaida kimoja tu kiitwacho holotaipu, na aseme kimehifadhiwa au kitahifadhiwa wapi. Maelezo yanaweza kukosea. Mchoro unaweza kukosea. Holotaipu haibishani na mtu: miaka 80 baadaye mtu akitaka kujua hasa jina lile lilimaanisha nini, anaivuta droo na kuangalia vikoleo kwa macho yake.

Na kielelezo kizuri kina adabu zake. Senene mnene asipotolewa matumbo huoza kwa ndani na kuwa mweusi, kwa hiyo anapasuliwa kwa uangalifu, anasafishwa, anajazwa pamba kidogo. Pini inapita sehemu ya nyuma ya ngao, upande wa kulia wa mstari wa katikati, ili kama inaharibu kitu ibaki upande mmoja mzima wa kulinganisha. Mbawa za kushoto zinakunjuliwa ili tupa ionekane. Mguu mmoja unakatwa na kutiwa kwenye alkoholi kali kwa ajili ya vinasaba. Halafu lebo, kipande cha karatasi kidogo kuliko stempu: Zambia, Mkoa wa Luapula, Wilaya ya Nchelenge, jina la kijiji, latitudo, longitudo, mwinuko, tarehe, aliyekamata, na alivyokamata, kama ni kwa taa au kwa mkono kwenye gome la mti gani. Mwinuko usisahaulike. Ziwa lenyewe liko zaidi ya mita 900 juu ya bahari. Senene bila lebo ni pambo. Na kabla ya yote hayo kuna kibali cha kukusanya na kibali cha kutoa nje ya nchi, mambo ambayo Schaum na wenzake hawakuulizwa na mtu.

Suala la jina lenyewe, ambalo watu wanalipenda kuliko yote, ndilo jepesi kuliko yote. Sheria inataka herufi za Kilatini na neno linalotamkika, basi, mradi lisiwe limekwisha tumika katika jenasi hiyohiyo. Sheria haisemi lazima liwe na maana nzuri. Mweru lenyewe limo katika vitabu vya samaki mara mbili kwa tahajia mbili. Chisense wa Kashikishi alipewa jina la moeruensis na Mbelgiji Max Poll mwaka 1948, kwa mwandiko wa Kifaransa wa ramani za Kongo. Mwaka 1983 Ethelwynn Trewavas wa London akampa perege wa ziwa hilohilo jina la mweruensis. Hakuna anayeruhusiwa kusawazisha: tahajia ya kwanza iliyochapishwa ndiyo inayobaki. Claudia Hemp, Mjerumani aliyetumia miaka mingi kuwachunguza senene wa Kilimanjaro na milima jirani, alimwita mmoja wao Aerotegmina shengenae, kwa heshima ya kilele cha Shengena huko Upare. Nchelenge nayo ingeweza kuingia Kilatini bila kuvunjika mbavu, ingawa ile nch ya mwanzo ingewapa taabu wasomaji wa Vienna. Waache wapate taabu.

Nimemtaja Hemp kwa sababu nyingine pia, nayo ndiyo inayonifanya nimshauri mtu wetu wa Nchelenge asiwe na haraka. Kilimanjaro, Upare, Usambara, Taita ni visiwa vya msitu vilivyozungukwa na nyika kavu. Senene asiyeruka akishaachwa juu ya mlima mmoja, hana pa kwenda, na ukipanda mlima wa pili una haki ya kutegemea ndugu yake tofauti. Hemp, akishirikiana na Klaus-Gerhard Heller kwenye nyimbo na Elżbieta Warchałowska-Śliwa kwenye kromosomu, ameonyesha hivyo mara kwa mara. Miombo si visiwa. Ni nguo moja iliyotandikwa nchi baada ya nchi, na senene wa gome mzima ana mbawa zinazofanya kazi. Anayekaa kwenye mtondo wa Luapula anaweza kuwa na binamu wa damu moja kwenye mti uleule kilomita elfu moja kusini mashariki, karibu na Tete. Kwa hiyo milimani dhana ya kuanzia iwe „pengine huyu ni mpya“, na kando ya Mweru dhana ya kuanzia iwe „pengine huyu ni wa Schaum“. Mzigo wa kuthibitisha vinginevyo uko juu ya anayetaka kutoa jina.

Hilo halimaanishi kwamba hakuna kitu kipya huko. Ukweli ni kwamba ufuoni mwa Mweru wadudu wametafutwa kwa sababu mbili tu: wanakula chakula cha watu, au wanawanyonya watu damu. Nzige wekundu nimekwisha kuwataja. Mwanzoni mwa karne ya 20, utawala wa kampuni ya Waingereza uliwahamisha watu wa bonde la Luapula kwa hofu ya mbung'o na malale. Siku hizi Nchelenge inajulikana kwa watafiti kama moja ya wilaya zenye malaria nyingi Zambia, na mbu Anopheles funestus wa huko wamechunguzwa usiku baada ya usiku. Hakuna ubaya: fedha zinakwenda kwenye maumivu. Lakini mtego wa taa haujui kuchagua, na pale mbu wanapohesabiwa kuna wadudu wengine waliokuja kwenye taa ileile. Kwa maoni yangu njia nafuu kuliko zote ya kuwajua senene wa Luapula ingekuwa kumlipa kijana mmoja wa wilaya, aliyefundishwa pini na lebo, asimame kando ya kazi ambayo tayari inafanyika. Mtaalamu wa kukodi kutoka Ulaya kwa wiki mbili za mvua atarudi na picha nyingi za migongo.

Limebaki jambo la mahali pa kuiweka holotaipu. Mazoea ni kuipeleka Ulaya, na hoja yake haiwezi kupuuzwa: huko kuna vielelezo vya kulinganisha, kuna hewa iliyokaushwa, na wale vijidudu walao wadudu waliokauka, ambao wanaweza kugeuza droo nzima kuwa vumbi ndani ya misimu michache, wanadhibitiwa. Mimi ningeipeleka Livingstone. Makumbusho ya mji huo yapo tangu 1934, ndiyo makubwa na ya zamani kuliko yote Zambia, na kutoka Nchelenge kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,400, safari ndefu lakini haihitaji viza. Dume la pili na jike waende Berlin wakalale karibu na wale wa Peters, ili atakayekuja kubisha aweze kuwalinganisha ana kwa ana. Nyimbo ziwekwe wazi mtandaoni, na kila moja iandikiwe nyuzi zake za joto.